Saa Saba Kutoka Leopoldville

Mume wangu akitaka kuwachekesha wageni, huanza na ndege. Husema kwamba alitoka Leopoldville asubuhi akafika Bukavu jua likiwa bado juu, saa saba tu hewani, na kwamba hakuna kijana wa Mpofi aliyemtangulia kusafiri hivyo. Wageni hutikisa vichwa. Mimi huinuka nikaenda kuangalia chungu jikoni, hata siku ambayo hakuna chungu motoni. Si kwamba anadanganya. Saa saba ni kweli tupu, na ukweli huo uliniaibisha kuliko uongo wowote niliowahi kusikia.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Kwetu ni Lushebere, karibu na Masisi, kwenye vilima ambako baba yangu alilima maharagwe, mtama na migomba. Alikuwa Mkristo wa misa ya kila Jumapili, lakini watu walimheshimu kwa kasiksi yake, yaani pombe yake ya ndizi, kuliko kwa sala zake, naye alilijua hilo wala hakuona ubaya. Kijana aliyeniposa alikuwa wa Mpofi, upande wa Walikale, huko ambako milima inakwisha na msitu unaanza. Alikuwa amesomea uuguzi, akapelekwa Leopoldville kumsaidia daktari mmoja. Baba yake alikuwa ameshafariki. Waliokuja kuzungumza habari ya posa walikuwa baba yake mdogo, mtu mrefu asiyecheka ovyo, pamoja na mama yake, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye viganja vilivyopasuka kwa kazi ya mawese.

Siku ya kupanga arusi kijana mwenyewe alikuwapo, yuko likizoni. Safari hiyo alikuwa amepanda meli ya mtoni mpaka Stanleyville, kisha malori mpaka Walikale, akakaa njiani hadi ndevu zikamwota. Baba alimwuliza tutajuaje siku atakayorudi kwa arusi, maana mtu hawezi kualika kilima kizima kwa ajili ya mtu aliye mtoni.

"Papa, sitapita tena mu mutoni," alisema. "Dokta yangu anakuya Bukavu na ndege, na miye njo atanibeba. Leopoldville mpaka Bukavu, iko masaa saba tu."

"Masaa saba ya kutembea?"

"Ya kuruka, Papa. Ninaamuka kule, ninalala huku."

Baba alianza kuhesabu kwa vidole. Yeye alihesabu safari kwa usiku: kutoka kwetu mpaka Mpofi unalala mara kadhaa msituni, na hiyo ilikuwa ndiyo safari ya kueleweka. Leopoldville haikuwa safari. Ilikuwa mahali ambapo watu walikwenda wakasahauliwa. Sasa mtu anaivuka nchi nzima kabla ya maharagwe kuiva. Mwishowe alisema, "Kama iko vile, Bukavu njo hapa kwetu," na hakuna aliyempinga. Hata mchumba wangu hakumpinga, kwa sababu naye hakuwahi kupita njia hiyo ya Bukavu maishani mwake. Habari ya ziwa lililokuwa katikati haikutajwa na mtu, wala habari ya barabara ya Sake wakati wa mvua. Mtu aliyeishinda nchi nzima kwa saa saba, atashindwa na ziwa?

Nadhani kosa hilo lingeweza kufanywa na sisi tu, watu wa kasiksi. Mtu mwingine huchinja mbuzi mgeni akishafika. Pombe ya ndizi haingoji hivyo. Ndizi huzikwa kwenye shimo lenye joto mpaka ziive, hukandwa kwa majani makavu, maji yake humiminwa katika chombo kirefu cha mti kilichochongwa, na mtama uliokaangwa na kusagwa ndio unaoyaamsha. Tangu hapo pombe ina umri wake. Kuna siku iko tamu, kuna siku iko na nguvu, na baada ya siku hizo ni uchungu wa kukunja uso. Baba alijua kuipanga iwe tayari siku anayoitaka, kama wengine wanavyojua kupanga safu za matofali.

Na kwa arusi kulikuwa na sharti la nyumbani kwetu, ambalo padri alilijua na kulifumbia macho. Chungu cha arusi hufunikwa kwa majani ya mgomba. Bwana arusi ndiye huingiza mrija kwanza, akanywa, akasema ni tamu. Mpaka afanye hivyo, hakuna kinywa kingine kinachogusa pombe, ya chungu kile wala ya vyungu vingine vyote. Na pombe hiyo ikimwagwa kabla hajainywa, posa nayo imemwagwa. Mbuzi wa mahari hurudi walikotoka, na msichana hubaki na jina baya ambalo hakulitafuta.

Habari ilipotufikia kwamba dokta na msaidizi wake watapanda ndege Alhamisi fulani, Baba aliweka karamu Jumamosi na kanisa Jumapili. Alimwongezea mkwe wake siku nzima ya kupumzika, akajiona mkarimu. Kila Jumapili baada ya misa alisimama mlangoni mwa kanisa na kuwaeleza watu hesabu ile, akiitia chumvi kidogo kila mara, hata siku moja nikamsikia akisema ndege ile haisimami hata kwa mvua. Wasichana wenzangu kisimani waliniita Mama Ndege. Nilijifanya kukasirika. Ukweli ni kwamba nilikuwa natembea shingo juu, na ndoo haikuwahi kuwa nyepesi kichwani kama miezi ile.

Watu wa Mpofi walitufikia Ijumaa jioni, kwa miguu, siku ileile waliyosema watafika. Walikuwa wamepita msituni wakiwa na kuku, mawese na nyama ya porini iliyokaushwa juu ya moto, na mvua ilikuwa imewanyeshea njia nzima. Mama wa mchumba wangu alikuwa amefunga vitambaa miguuni kwa sababu ya malengelenge. Kabla ya kukaa, kabla hata ya kupokea maji, aliuliza, "Mutoto ashafika?"

"Ataingia kesho asubui," alisema Baba. "Muda huu anapumuzika Bukavu."

Jumamosi mapema wanawake walinipaka siagi iliyotoka Kirolirwe kwa wafugaji, wakanivika nguo mpya, wakanifunika kitambaa kichwani na kuniketisha katika chumba cha ndani. Bibi arusi hatoki, hasemi, haonekani mpaka aitwe. Ukuta ulikuwa wa matete, na matete yakikauka huacha nafasi za kuchungulia. Kwa hiyo niliona yote, na wao hawakuniona.

Niliona kilima kizima kikikaa uani. Niliona vyungu vimepangwa chini ya paa, na kile cha arusi katikati, majani yake yakiwa bado mabichi. Mchana ulipofika watu walikuwa wakizungumza kwa furaha. Alasiri walikuwa wakizungumza taratibu. Jioni mzee mmoja jirani yetu, mwenye ulimi usio na mfupa, aliinua macho mbinguni akasema, "Labda ndege ile inatafuta kwanza pa kulala." Watu walicheka, na Baba akacheka kuliko wote. Nilimfahamu baba yangu. Alipocheka hivyo alikuwa anaumia.

Jumapili padri alitungoja misheni mpaka misa ikaisha, kisha akatuma neno kwamba anaondoka kwenda kutembelea vijiji vya mbali na atarudi wiki nyingine. Watu wa kwetu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja uani, si kwa arusi tena, ila kuona itakuwaje. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Sisi wenyeji siku hiyo tulikuwa tunaugua, na kila mgeni aliyeingia alituzidishia homa. Mama yangu alipika tena. Maharagwe yaliisha, nyama ya wageni ikaliwa na wageni wenyewe, na hakuna aliyethubutu kuangalia chungu kile kwa zaidi ya nukta moja.

Mimi nilikuwa ndani, siagi inanichachia mwilini. Sijui kama unaweza kuelewa aibu ya kusubiriwa pamoja na mtu ambaye hayupo. Sikuwa nimefanya kosa lolote, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu mwenye kosa ana la kusema. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma ya ukuta akimwambia mwenzake kwamba labda Leopoldville kule kijana ana mwingine. Nilisikia mwenzake akijibu kwamba hata huyu wa ndani alijisikia sana kisimani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimchukia mchumba wangu, nikamhurumia, nikamchukia tena. Sikujua kama amekufa au amekawia tu, na nilishangaa nilivyokuwa nahesabu majani ya mgomba yaliyonyauka juu ya chungu badala ya kumwombea.

Jumatatu asubuhi harufu ilibadilika. Kila mtu wa kwetu anaijua harufu hiyo, hakuna haja ya kuonja. Inzi wadogo walianza kuzunguka chungu. Baba alitoka, akasimama karibu nacho.

"Ile tulipanga imeshindwa," alisema. "Pombe imekuwa kali. Siwezi kunywesha bakwe pombe ya namna hii, na siwezi kuifungua miye mwenyewe. Nitaimwanga. Mbuzi zenu mutarudi nazo."

Sikusikia hasira katika sauti yake. Ingekuwa hasira ningefarijika. Alisema kama mtu anayetaka tu watu waondoke uani kwake ili asitazamwe tena.

Mama yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna njia. Bwana arusi akiwa mgonjwa au yuko mbali, mtu wa damu yake anaweza kunywa kwa niaba yake. Macho yote yalimgeukia baba mdogo wa mchumba wangu. Yule mtu mrefu alikaa vilevile, mikono juu ya magoti. Atakayekunywa pombe iliyochacha mbele za watu na kusema ni tamu, ameichukua aibu yote na kujivika yeye. Na akisema ni chungu, amemtukana mwenye nyumba. Alilijua hilo kama sisi sote.

"Miye sikukuya na ndege," alisema. "Nilikuya na miguu, na nilifika siku tuliambizana. Juu ya nini nikunywe haya ya mwingine?"

Alikuwa na haki. Baba akainama, akashika chungu pande zote mbili.

Ndipo mama yake mchumba wangu alipoinuka upande wa wanawake. Alitembea polepole na vile vitambaa vyake miguuni, akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo kwetu mwanamke mgeni halifanyi, akapiga magoti mbele ya chungu. Mkono wa Baba ulikuwa bado juu ya ukingo.

"Papa," alimwambia, "bwana yangu alishakufa. Lakini uyu mutoto, njo miye nilimubeba ku mugongo. Unipatie mrija."

Baba alimtazama. Nadhani alitaka kukataa, ila mtu aliyepiga magoti hakataliwi. Alitoa mrija uliokuwa umehifadhiwa kwa ajili ya mtoto wa huyo mama, akampa. Mama aliupenyeza kwenye majani yaliyokauka, akanywa. Hakuonja. Alikunywa kama mtu mwenye kiu, na niliona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akafuta mdomo kwa kiganja.

"Iko muzuri, Papa," alisema. "Iko tamu."

Mtu mmoja karibu na uzio alicheka puani. Kicheko kidogo tu, cha mtu anayejua pombe. Mama alikisikia, kwa maana aliinamisha kichwa, na shingo yake ikawa wazi mbele ya watu wote, na bado alikuwa ameshika mrija kwa mikono miwili.

Mimi sikuamua kitu. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walisema niliamua, wengine kwa sifa na wengi kwa lawama. Nilijikuta nimesimama. Mama yangu alinishika kitambaa, kikabaki mkononi mwake. Nilitoka nje kichwa wazi, uso unang'aa siagi ya siku tatu, mbele ya wakwe, mbele ya katekista, mbele ya mzee yule wa ulimi, nikapiga magoti kando ya mama wa watu na kuupokea mrija kutoka mkononi mwake. Ulikuwa bado na joto la kinywa chake.

Pombe ile ilikuwa mbaya. Ilinipanda puani, ikanichoma koo, machozi yakanitoka. Nilimeza. Nilipoweza kupumua nilisema, "Iko tamu, Papa."

Baba yangu hakunitazama. Alitazama mikono yake mwenyewe kwa muda, kisha akachukua mrija, akanywa, akasema ni tamu. Baada ya hapo baba mdogo hakuwa na mahali pa kujificha. Aliinuka na urefu wake wote, akanywa, akasema ni tamu, akapiga chafya. Katekista alisema ni tamu akiwa amefumba macho. Mzee jirani alikunywa mara mbili. Vyungu vyote vilifunguliwa, na mpaka jioni kilima kizima kilikunywa pombe mbaya kikaisifu, na hakuna aliyekwenda kwake bila kuumwa tumbo.

Wengine watadhani nilijivuna. Hapana. Nguvu ile iliponitoka, nilirudi ndani nikajifunika blanketi mpaka machoni, na haya ikaja yote kwa mkupuo. Bibi arusi aliyetoka bila kuitwa. Aliyekunywa mbele ya wanaume. Mama yangu hakunisemesha siku hiyo, na kwa miaka mingi Lushebere mama akimgombeza binti yake asiye na adabu alimwuliza kama naye anatafuta mrija. Nilipokwenda kumtembelea Baba nilipita njia ya nyuma, ya mashambani, nisikutane na watu wa kisimani. Hata sasa nikilisikia neno hilo, mrija, masikio yananiwaka, na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Alifika Jumanne mchana. Alikuwa amefunga viatu shingoni kwa kamba zake, suruali ina matope mpaka mapajani, sanduku kichwani. Watu wa Mpofi walikuwa wanafunga mizigo yao. Alisimama uani akihema, na neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Papa, ndege haikukawia hata kidogo. Masaa saba, vile nilisema."

Kisha yakamtoka mengine yote bila kuulizwa. Meli ya Bukavu ilikuwa inangoja mizigo. Alipofika Goma hakukuta lori, na alipolipata likamfikisha Sake tu, kwa sababu mlima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara. Kutoka hapo alipanda kwa miguu. Akatuambia habari ya mawingu yalivyo ukiyatazama kutoka juu, na jinsi mto mkubwa unavyoonekana mwembamba. Alikuwa bado anazungumza alipoona vyungu. Vilikuwa vimeoshwa na kufudikizwa chini ya paa vikauke, kama vinavyofudikizwa karamu ikiisha.

Alivitazama kimoja kimoja. Sauti yake ikashuka.

"Nani alifungua?"

Watu wa Mpofi waliinamia mizigo yao. Baba alikuwa na jambo la kufanya nyuma ya nyumba. Mama yake alileta maji katika beseni, akakaa chini na kuanza kumwosha mwanawe matope, naye miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba hata vitambaa vimembana. Mchumba wangu alimwinamia akamwuliza polepole, kama mtoto aliyechelewa chakula, "Mama, pombe ilikuwa muzuri?"

Mama hakuinua kichwa.

"Uliza bibi yako," alisema.

Padri alikuwa hajatubariki, na angechelewa mpaka Jumapili nyingine. Lakini hakuna aliyegeuka kuuliza bibi ni nani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimefunikwa upya kama inavyotakiwa, na yeye akainua macho kunitafuta chini ya kitambaa.

"Ilikuwa tamu," nilisema.

Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia mume wangu nikiwa mke wake. Alifurahi, maskini, akaketi vizuri na kuendelea na habari za ndege. Mimi nilikwenda kuchota maji mengine, nikarudi na kuvifungua vile vitambaa miguuni mwa mama.